Shahidi Niliyemfua kwa Sabuni

Leo nimejifedhehesha mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima, kwa mikono yangu miwili na sabuni yangu mwenyewe.

Nawaandikia nyinyi wenzangu wa darasa kwa sababu mtasikia tu. Habari za Tanga mnazijua, hutoka mlangoni kabla mwenye nyumba hajavaa viatu. Bora mzisikie kwangu, tena zikiwa nzima.

Mnajua ninapokaa. Nyuma ya nyumba yangu, ng'ambo ya ukuta, kuna karakana ya kuyeyusha vyuma chakavu. Mabomba, injini zilizokufa, betri mbovu, vyote vinaingia tanurini. Tanuri likiwashwa, vumbi jeusi linatua juu ya mabati, juu ya mchicha, juu ya nguo. Jirani yangu Bi Mwanaidi anaanika shuka jeupe asubuhi, anaanua la kijivu mchana. Tena ana kifua. Akianza kukohoa kule kwake, mimi huku nakishika changu.

Sasa kuna jambo sikuwahi kuwaambia. Karakana ilipotaka kuanza, walipitisha karatasi ya kuomba ridhaa ya majirani. Sahihi ya kwanza ni yangu. Na sikuisoma karatasi hiyo! Mimi, karani wa shamba la mkonge miaka yote ile, mtu aliyelipwa kwa kusoma karatasi! Aliyeileta aliniamkia vizuri, akaniita "mzee wetu msomi", akanipa kalamu mpya. Nikasaini kama bwana mkubwa. (Kalamu yenyewe ilikauka wiki ile ile.) Majirani walipoona jina langu juu, wakasema, "Kama Mzee Mhina kaisoma na katia sahihi, basi hakuna neno." Wakatia zao. Tangu hapo Bi Mwanaidi akikohoa, mimi nasikia anaita jina langu.

Wiki sita zilizopita akaja Rukia. Binti wa Kipemba, mwanafunzi wa chuo kikuu, anapima uchafu wa hewa. Nilitegemea mashine yenye taa na waya. Akatoa kifuko cha wavu, kikubwa kama ngumi ya mtu mzima. Ndani mna majani mafupi laini ya kijani, yale yanayotandaa kwenye mawe yenye unyevu kule milimani Amani. Kitabuni huitwa kuvumwani.

"Babu," akaniambia, "mmea huu hauna mizizi ya kunywea ardhini. Unakula na kunywa kutoka hewani. Kama hewani mna risasi, au zinki, au chuma, vumbi lake linanasa humu. Nikiupeleka maabara utatueleza yote."

"Kwa hiyo huyu ni shahidi," nikasema.

"Ndiyo, babu. Tena shahidi asiyejua uongo."

"Wala hahongwi kalamu."

Akanitazama. Hakuelewa. Nikashukuru.

Vifuko vilikuwa vitano. Kimoja alikitundika Pangani kwa shangazi yake, penye hewa safi, ili avilinganishe. Vingine vitatu mitaa ya mbali na karakana. Cha tano akakitundika uani kwangu, juu ya mti wa kamba ya nguo, hatua chache tu kutoka kwenye tanuri. "Hiki chako ndicho roho ya kazi yangu, babu," akasema. Na mwenyekiti wetu wa mtaa akaongeza: majibu ya maabara yakipatikana, atayabeba mwenyewe kwa wahusika, karakana ilazimishwe kujenga bomba refu lenye chujio au ihame. Bila majibu, tuna malalamiko tu. Na malalamiko tumeshayapeleka mpaka tumechoka.

Mnaelewa, ndugu zangu? Nilipewa nafasi ya kuifuta ile sahihi.

Rukia akanipa masharti manne, nikayaandika kwenye daftari: usikisogeze, usikimwagilie maji, usikifunge kwa waya, kuku wasikifikie. (Manne. Yawekeni akilini, nitayahitaji kwenye utetezi wangu.)

Nikalinda! Nilikilinda kifuko kile kama hazina ya serikali. Kunguru akitua ukutani, namrushia ndala. Mke wangu, Mama Zaina, akapigwa marufuku kukung'uta mkeka uani. Bi Mwanaidi alichungulia juu ya ua siku moja akaniona nimeketi kwenye kiti, nimekiangalia kifuko, sisemi.

"Mzee Mhina," akasema, "hata mkeo hukumlinda hivyo."

"Mke wangu hana ushahidi wowote," nikamjibu.

"Ahaa! Anao mwingi, kanyamaza tu!" Akacheka mpaka akakohoa. Nikaingia ndani.

Basi. Leo Jumamosi ndiyo siku ya kukikabidhi. Rukia alipiga simu asubuhi: atafika saa tano. Mwenyekiti akasema atakuja, na majirani, na msimamizi wa karakana ameitwa pia aje ashuhudie kwamba kifuko hakikuchezewa. (Hakikuchezewa!) Mama Zaina akasema wageni hawataondoka na njaa, atapika wali wa nazi, samaki na mchicha wa bustanini.

Saa mbili nikatoka kwenda kukitazama kifuko kwa mara ya mwisho.

Masalale! Kilikuwa kichafu! Ile rangi ya kijani imekufa, majani yamekauka yamekuwa ya kahawia, na juu yake masizi meusi yamegandamana. Buibui kafuma. Kunguru mmoja, katika wakati nisioujua, kaweka alama yake. Nikajiuliza: msomi wa chuo kikuu anakuja kuchukua kitu chake, mimi nimrudishie hivi? Mbele ya watu?

Mama yangu, Mungu amrehemu, alinilea Muheza. Akiazima ungo kwa jirani, anaurudisha umepanguswa, na ndani ameweka machungwa mawili. "Kitu cha watu hakirudi kichafu, wala hakirudi kitupu," ndivyo alivyotufunza, na fimbo ya kukumbushia ilikuwa nyuma ya mlango. Umri wangu wote sijamrudishia mtu sahani chafu. Leo ndiyo nianze?

Nikafungua daftari, nikasoma masharti. Usikisogeze: muda wake umekwisha, leo kinaondoka. Waya: sikutumia. Kuku: hawakufika. Usikimwagilie maji. Hapo nikasita. Lakini, nikasema, kumwagilia ni kumwagilia na kufua ni kufua. Karani mzoefu husoma kilichoandikwa, hasomi kisichoandikwa. (Hii ndiyo karatasi pekee niliyowahi kuisoma kwa makini katika jambo lote hili. Ona nilipofikia.)

Nikachukua beseni. Nikachukua sabuni ya mche. Mama Zaina alikuwa anakuna nazi mlangoni.

"Baba Zaina, unafua nini?"

"Kifuko cha mtoto wa watu."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Umemuuliza mwenyewe?"

"Mama Zaina, mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Nitapiga simu Pemba kuuliza namna ya kufua?"

"Haya," akasema. Wenye wake mnaijua "haya" hiyo.

Nikafua kwa adabu, polepole, ndani ya wavu wake, nisije nikachana jani. Jamani, maji yaliyotoka! Meusi kama wino, na chini ya beseni kumetulia mchanga mweusi unaometameta. Nikatikisa kichwa. "Tazama uchafu wote huu," nikamwambia Mama Zaina, "na mimi nilitaka kuurudisha hivi hivi!" Nikabadilisha maji mara tatu mpaka yakatoka meupe. Yale meusi sikuyatupa, maji ni mali. Nikanyweshea mchicha.

Na hapo ukatokea muujiza ulionimaliza kabisa. Yale majani yaliyokuwa yamekufa yakaanza kufumuka. Yakarudi kijani! Kijani cha milimani! Nikasema moyoni, Mhina, wewe ni fundi.

Ila yalikuwa na harufu ya tambara la kudekia. Hilo nalo nitaliacha? Nikachukua chetezo cha mke wangu, nikatia makaa, nikatia udi (ule mzuri, anaouficha kwa ajili ya harusi), nikakiweka kifuko juu kama watu wanavyofukiza nguo za sikukuu. Kikanukia mpaka nikatamani kukivaa shingoni. Nikatandika kitambaa cheupe kwenye sinia, nikakiweka katikati, pembeni machungwa mawili ya Muheza, nikafunika kwa kawa.

Mama akifufuka leo, nilisema, atajua hakulea bure.

Saa tano watu wakajaa uani. Mwenyekiti na kofia yake. Majirani kumi na zaidi. Bi Mwanaidi kakaa kiti cha mbele, shuka lake la kijivu kalikunja mapajani kama kielelezo cha mahakamani. Msimamizi wa karakana, Deo, kasimama karibu na mlango. Namfahamu, baba yake alikuwa mkataji mkonge na jina lake nililiandika mimi daftarini. "Shikamoo mzee," akaniamkia. Mtoto mwenye adabu. Mwisho akaingia Rukia, kavaa glavu nyeupe, kashika bahasha ya karatasi na koleo dogo la plastiki.

Nikasimama kutoa neno. (Hakuna aliyeniomba.)

"Ndugu majirani! Kwa wiki sita nimemlinda shahidi wa mtaa huu. Hakuguswa na kuku, hakuguswa na mwizi, hakuguswa na adui. Leo namkabidhi kwa mwenyewe akiwa salama salimini, tena katika hali bora kuliko alivyoletwa!"

Makofi. Nikafunua kawa.

Harufu ya udi ikaenea ua mzima. Rukia akasogea, akainama, akanusa. Akainuka. Akatazama mti wa kamba ya nguo, pale palipokuwa na kifuko. Akatazama sinia. Akatazama machungwa.

"Babu," akasema taratibu sana, "hiki ni kifuko changu?"

"Ndicho chenyewe, mwanangu."

"Mbona kibichi?"

"Kimefuliwa."

"Kimefanywaje?"

Nikadhani hakusikia, nikapaza sauti ili na walio nyuma wafaidi. "KIMEFULIWA! Kwa sabuni ya mche, maji matatu, kikafukizwa udi!"

Binti akakaa chini. Si kwenye kiti. Chini.

"Babu yangu," akasema, "ule uchafu ndio niliokuwa nausubiri."

Ndugu zangu, kuna mambo mtu anayaelewa kidogo kidogo, na kuna mambo yanamwangukia yote pamoja kama gunia la mkonge. Hili lilikuwa gunia. Nilimwona mama yangu. Nililiona lile beseni. Nikauona ule mchanga unaometameta.

"Hukusema nisikifue," nikajitetea. Sauti ilitoka nyembamba, si yangu. "Masharti yalikuwa manne. Ninayo kwenye daftari."

"Sikusema, babu. Ni kweli. Sikujua kama duniani kuna mtu atafua majani."

Hapo ndipo Bi Mwanaidi alipoanza. Alianza na mabega, halafu ushungi, halafu mwili mzima.

"Jamani! Shahidi kaoshwa, kafukizwa, kavishwa cheupe! Si bado kuswaliwa tu tukamzike?"

Ua mzima ukalipuka. Mwenyekiti alivua kofia akajifunika nayo uso. Mama Zaina kule jikoni nilimsikia, na yeye ndiye aliyeniuma zaidi. Deo peke yake hakucheka kwa sauti. Alitabasamu, akasema kwa upole:

"Wazee wangu, mimi naona tusilumbane. Kama hiki ndicho kipimo, basi hewa yetu ni nzuri. Inanukia udi."

Kicheko kikakatika. Bi Mwanaidi akalitazama shuka lake. Akakohoa, mara mbili. Na mimi nikalisikia jina langu.

Rukia akajikaza. "Babu, yale maji uliyofulia yapo? Hata mashapo ya chini? Kwa utafiti hayanifai, lakini angalau tuyaone."

"Nimenyweshea mchicha."

"Mchicha upi?"

Mama Zaina akatokea mlangoni na bakuli kubwa linalotoa mvuke. "Huu," akasema.

Sasa nikaona sina tena heshima ya kulinda. Mtu akishalowa hakimbii mvua. Nikavua kofia, nikasema: "Majirani, kabla hamjaenda kunitangaza, pokeeni na hili. Ile karatasi ya karakana, mlitia sahihi kwa sababu mliona jina langu. Mkadhani nimeisoma. Sikuisoma. Nilisifiwa kidogo nikasaini. Leo nilitaka kusahihisha kosa hilo, nimelifulia sabuni. Makosa yote mawili ni yangu. Bi Mwanaidi, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanaidi aliliweka shuka lake kando. Halafu akainuka, akamnyang'anya Mama Zaina bakuli, akaenda moja kwa moja kwa Deo.

"Karibu chakula, mwanangu," akamwambia, sauti tamu kama asali ya nyuki wadogo. Akampakulia wali. Juu yake akaweka mchicha, kijiko kimoja, viwili, vitatu. "Wewe mgeni, uanze."

Deo akaishika sahani. Akaitazama.

"Kula, baba. Mchicha umenyweshewa vumbi lenu tu. Si mnasema halina madhara?"

Uani kukawa kimya hata wali ukasikika ukipoa. Deo alichota kijiko, akakifikisha karibu na mdomo, akakirudisha. Akageuza kijiko upande wa wali mtupu. Akakirudisha tena.

"Mama," akasema chini chini, "siwezi."

"Huna njaa?"

"Njaa ninayo." Akaiweka sahani mezani. "Vumbi lile nalijua. Mimi nyumbani siingii na nguo za kazi. Navua nje, mke wangu anazifua peke yake, mbali na za watoto."

Basi. Na hakuna aliyemzomea, maana alikuwa anatazama chini kama mimi dakika tano nyuma, na baba yake ni yule niliyemwandika daftarini. Mwenyekiti akavaa kofia yake. "Tumesikia wote?" akauliza. Tukaitika wote.

"Hilo siwezi kuliandika kwenye utafiti," akasema Rukia. Kisha akafikiri. "Lakini ninacho kifuko cha akiba. Tutaanza upya. Wiki sita." Akageuka kwa mwenyekiti. "Akilinde nani?"

Mimi nilikuwa nimeshajisogeza nyuma ya tangi la maji.

"Mzee Mhina," akasema Bi Mwanaidi, bila hata kunitafuta kwa macho. "Huyu ndiye mwenye deni na hewa hii. Atoke huko nyuma ya tangi."

Deo mwenyewe ndiye aliyepanda kigoda kukifunga, kwa uzi, si waya. Mchicha ulimwagwa shimoni, tukala wali na samaki. Machungwa Rukia aliyachukua, akasema hayo hayana kosa.

Wakati nawaandikia haya, kifuko kipya kinaning'inia pale pale, na chini yake Bi Mwanaidi ameandika kwa mkaa kwenye kipande cha ubao, herufi kubwa, zionekane mpaka barabarani: SHARTI LA TANO, HAKIFULIWI. Kila apitaye anasimama, anasoma, ananitazama.

Mama, nisamehe, hiki kitarudi kichafu.

Na nyinyi wa darasa langu, nawaomba msinicheke. Atakayecheka, mchicha haukuisha wote bustanini, nitamletea fungu mpaka mlangoni.